Ozoni ya Chini: Uchafu Usiotoka Kwenye Bomba Lolote

Umewahi kukaa stesheneri ukisubiri kopi zako, mashine inaunguruma, halafu pua ikanasa harufu fulani kali, kama hewa baada ya radi kupiga karibu? Hiyo ni ozoni. Mashine nyingi za fotokopi, hasa za zamani, hutumia umeme wa volti nyingi sana, na umeme huo huvunja oksijeni ya hewani ikajiunda upya kwa sura nyingine. Mwaka 1839 mkemia Christian Friedrich Schönbein aliinusa harufu hiyohiyo katika maabara yake mjini Basel, akaipa gesi hiyo jina kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutoa harufu.

Najua unachokumbuka ukisikia neno ozoni: somo la jiografia, lile tabaka linalotukinga na mionzi ya urujuanimno, na tundu lake. Ni kweli. Takriban asilimia 90 ya ozoni yote ya angani iko huko juu, na tunaihitaji. Makala hii inahusu ile kidogo iliyobaki, iliyo huku chini tunakovuta pumzi. Molekuli ni ileile, atomu tatu za oksijeni, ila huku chini inachokumbana nacho ni mapafu yako. Inawasha koo, inabana njia za hewa, inaamsha pumu. Inaingia pia kwenye majani ya mimea na kupunguza mavuno ya ngano, soya na maharage. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa saa nane usizidi maikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo ya hewa.

Sasa nikuulize maswali mawili. Jiji likipunguza moshi wa magari kwa robo, ozoni itapungua kwa robo? Na dunia ikiongezeka joto kwa digrii mbili bila gari hata moja kuongezeka barabarani, ozoni itabaki ilivyo? Jibu la yote mawili ni hapana. Kwa swali la kwanza ozoni inaweza hata kupanda. Kwa swali la pili inategemea unaishi wapi. Ndiyo maana watafiti wa ozoni wameacha kutegemea hesabu za kikokotoo wakaingia kwenye modeli za tabianchi za kikanda, na ndiyo maana napenda tukae nazo kidogo leo.

Hakuna anayeitoa

Vumbi lina barabara yake, masizi yana jiko lake. Ozoni ya chini haina bomba. Hakuna gari wala kiwanda kinachoimwaga kwa kiasi cha kutisha. Inapikwa hewani, jua likiwa ndiyo moto.

Aliyelifumbua hili ni Arie Haagen-Smit, mkemia Mholanzi aliyekuwa profesa Caltech, California. Alikuwa anashughulika na kemia ya ladha ya nanasi (si utani). Los Angeles ilikuwa imevamiwa na ukungu wa kuwasha macho tangu mwaka 1943, na watu walikuwa wakilaumu kiwanda hiki na kile. Miaka ya mwanzo ya 1950 Haagen-Smit alionyesha kwamba ukichukua mivuke ya petroli na gesi za naitrojeni zinazotoka kwenye magari, ukazianika kwenye mwanga wa jua, unapata ozoni. Kipimo chake kimojawapo kilikuwa kipande cha mpira kilichokunjwa. Ozoni hupasua mpira, kwa hiyo alihesabu muda mpaka nyufa zilipotokea. Sijui kama kuna kifaa cha maabara cha bei nafuu kuliko hicho.

Mapishi yenyewe yanaenda hivi, na nitayaeleza kama habari ya mkopo. Gesi ya naitrojeni dayoksaidi, NO2, ina atomu mbili za oksijeni. Mwanga wa jua ukiipiga, atomu moja inachomoka. Atomu hiyo haiwezi kukaa peke yake. Inaikumbatia molekuli ya oksijeni ya kawaida na kuwa ozoni. Iliyobaki ni NO, naitriki oksaidi, ambayo ni kama mtu aliyekopesha. Ikikutana na ozoni, inadai chake: inachukua atomu ile, inarudi kuwa NO2, na ozoni inakufa. Deni limelipwa. Kama mchezo ungeishia hapo, ozoni isingerundikana sana.

Lakini mtaani kuna mtu wa tatu. Mivuke ya kikaboni, yaani mvuke wa petroli, wa rangi na tina, moshi wa kuni, na hata pumzi ya miti, ikishavunjwavunjwa na jua inaweza kuilipa NO deni lake kutoka mfuko mwingine. NO inakuwa NO2 tena bila kugusa ozoni. Jua linaipiga upya, ozoni mpya inazaliwa, na ile ya kwanza bado ipo. Mzunguko ukienda hivyo tangu asubuhi, kufikia saa nane au tisa alasiri hewa imejaa.

Ukilielewa hili, mambo mengi ya ajabu yanakaa sawa. Kwenye makutano yenye foleni, NO mbichi inatoka kwenye magari kila sekunde na kuila ozoni iliyopo, kwa hiyo kipimo kilichofungwa hapo kinaweza kusoma ozoni ndogo kabisa, halafu kijiji kilichoko upande upepo unakoelekea kikasoma kubwa. Los Angeles kwa miaka mingi ozoni ilikuwa inapanda Jumamosi na Jumapili, malori yakiwa yamepumzika. Mwaka 2020, watu walipofungiwa ndani kwa sababu ya korona, NO2 ilishuka katika miji kama Nice, Roma, Turin, Valencia na Wuhan, na ozoni ikapanda katika miji yote hiyo. Wapo waliosema vipimo vimeharibika. Vipimo vilikuwa sawa. Mdai alikuwa amepungua mtaani.

Hali ya hewa iko ndani ya chungu

Kuna watu huichukulia hali ya hewa kama kitu cha kubeba tu uchafu kutoka hapa kwenda pale. Kwa ozoni hilo halitoshi. Jua ndilo linaanzisha kila kitu, kwa hiyo wingu likipita, kasi inashuka. Joto huharakisha mivuke kutoka kwenye tangi la mafuta na kuharakisha kemia yenyewe. Upepo ukisimama, chungu kinafunikwa. Na kuna kina cha tabaka la hewa linalochanganyika juu ya ardhi, ambalo mchana linaweza kufika kilomita moja au mbili na usiku likabana hadi mita mia chache tu.

Halafu kuna mimea, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Miti mingi hutoa mvuke uitwao isoprini, na huutoa zaidi kukiwa na joto na mwanga. Mti haujakosea kitu, lakini isoprini ikikutana na gesi za magari ni kuni kavu kwenye moto wa ozoni. Upande mwingine, mimea ndiyo inayoimeza ozoni, kupitia vitundu vidogo vya majani vinavyoitwa stomata. Ukame ukija, mmea unafunga stomata ili usipoteze maji. Ukishafunga, haumezi tena ozoni. Yaani siku za joto kali na ukavu, mimea inaongeza malighafi ya ozoni na wakati huohuo inaacha kuisafisha. Kwa mmea huo ni unafuu, maana sumu haiingii. Kwa mtu anayetembea chini yake ni hasara mara mbili.

Kwa hiyo modeli inayotaka kukadiria ozoni lazima ijue mawingu, upepo, unyevu wa udongo na majani. Ukishaorodhesha hayo yote, umeshaielezea modeli ya tabianchi. Unachokosa ni kemia tu.

Kisanduku kinachoimeza Kilimanjaro

Modeli za dunia nzima hukata anga kuwa visanduku. Katika kila kisanduku kompyuta inapiga hesabu za mwendo wa hewa, joto, maji na mionzi, inasogeza saa mbele kidogo, inarudia. Tatizo ni ukubwa wa kisanduku. Kikiwa na upana wa kilomita 100, kama ilivyo kwa modeli nyingi za dunia, ndani yake kila kitu ni wastani. Arusha, Moshi na kilele cha mita 5,895 cha Kilimanjaro vinaweza kuingia kwenye kisanduku kimoja na kutoka vikiwa mwinuko mmoja mpole usio na theluji wala mji. Dar es Salaam na Bagamoyo zinakuwa mahali pamoja, nusu bahari nusu nchi kavu. Kwa wastani wa joto la dunia, sawa tu. Kwa ozoni ni balaa, kwa sababu ukiyasambaza moshi wa jiji juu ya kilomita za mraba 10,000, umebadilisha mapishi: NO imekuwa nyembamba, haiwezi tena kuila ozoni mahali pake, na modeli inakutengenezea ozoni ambayo haipo.

Modeli ya kikanda inachukua kipande kimoja cha dunia, tuseme Ulaya au Afrika Mashariki, na kukikata visanduku vya kilomita 50, 25, 10 au chini ya hapo. Kwa kuwa haijui dunia nje ya kipande chake, inalishwa pembeni: kila baada ya saa chache inaambiwa na modeli ya dunia, au na kumbukumbu za hali ya hewa zilizopita, hewa inayoingia ina joto gani, upepo gani, unyevu gani. Kuna kosa moja ambalo wanafunzi tunalifanya sana mwanzoni, la kulisha hali ya hewa na kusahau kulisha kemia. Ozoni huweza kuishi angani kwa wiki kadhaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya ozoni unayoiona ndani ya kipande chako imesafiri kutoka nje. Ukiacha kingo zako zikiwa safi, modeli itakupa hewa safi ya uongo, na ramani itapendeza.

Kitu kingine cha kulisha ni orodha ya moshi: kila kisanduku kinatoa gesi gani, kiasi gani, saa ngapi, mwezi gani. Nchi zenye takwimu nzuri za magari na viwanda zina orodha nzuri. Kwingine orodha hujengwa kwa kukisia kutokana na idadi ya watu na mafuta yaliyouzwa. Tutalirudia hili.

Kemia nayo inabidi ipunguzwe. Mivuke ya kikaboni iliyopo hewani ni maelfu, na hakuna kompyuta ya kuifuata mmojammoja kwa miaka 20. Kwa hiyo inawekwa kwenye mafungu kulingana na tabia zake, kama muuza mitumba anavyotenga nguo bila kuijua kila nguo. Hata hivyo kemia hula sehemu kubwa ya muda wa kompyuta. Ukiiwasha, modeli iliyokuwa inakimbia inaanza kutembea.

Agosti 2003: mtihani wenye majibu

Utajuaje kama modeli ya namna hii inafaa kuaminiwa? Unaipa mtihani ambao majibu yake tayari yapo. Ulaya Magharibi ina mtihani mmoja maarufu.

Nusu ya kwanza ya Agosti 2003 mgandamizo mkubwa wa hewa ulikaa juu ya Ulaya Magharibi ukakataa kuondoka. Mbingu nyeupe, upepo hakuna, udongo umekauka. Tarehe 10 Agosti, Faversham huko Kent, Uingereza, ilipimwa nyuzijoto 38.5 za Selsiasi, kiwango ambacho nchi hiyo ilikuwa haijawahi kukipima. Ufaransa peke yake ilikuwa na vifo takriban 15,000 zaidi ya kawaida, na hesabu iliyofanywa baadaye kwa Ulaya ilifikisha takriban 70,000 kwa msimu mzima wa kiangazi. Vifo vingi vilitokana na joto lenyewe, hasa kwa wazee waliokuwa peke yao nyumbani, ila sehemu ilihusishwa na ozoni. Kiwango ambacho kwa sheria za Umoja wa Ulaya mamlaka zinapaswa kuwaarifu wananchi ni maikrogramu 180 kwa saa moja. Siku zile kilivukwa katika vituo vingi, nchi moja baada ya nyingine.

Kwa bahati, watafiti walikuwa wameshaweka vifaa vyao Writtle, Essex, kaskazini mashariki mwa London, kwa kazi waliyoipanga kabla ya joto. Wakaona isoprini ikipanda sana katika siku zilezile za ozoni kubwa. Miti ya kusini mwa Uingereza, ambayo kwa kawaida haitajwi kwenye hadithi ya moshi wa London, ilikuwa inachangia.

Mwaka 2012 Ahmed Shalaby na wenzake walichapisha matokeo ya modeli waliyoiita RegCM-CHEM4. RegCM ni modeli ya kikanda inayotunzwa na ICTP, kile kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964 hasa kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea. Walichofanya ni kuingiza kemia ya gesi ndani kabisa ya modeli, ili hali ya hewa na kemia viende pamoja hatua kwa hatua, badala ya kemia kuja baadaye na kusoma faili la hali ya hewa lililokwisha kuandikwa. Kisha wakaipeleka kwenye mtihani wa Ulaya: kwanza Agosti 2003 saa kwa saa, halafu miaka sita mfululizo, 2000 hadi 2005.

Kwenye wimbi la joto ilifaulu vizuri. Ilipanda pale vituo vilipopanda na kushuka joto lilipoondoka. Kwenye miaka sita ilifuata misimu kama inavyotakiwa, ila katika viangazi vya kawaida, visivyo na wimbi la joto, ilitoa ozoni kuzidi iliyopimwa.

Matokeo haya yanastahili kusomwa mara mbili. Mtu wa haraka angesema, imeweza siku ngumu, za kawaida ndiyo rahisi zaidi. Kumbe sivyo. Siku ya joto kali inaongozwa na vitu vichache vikubwa: jua tele, hewa iliyosimama. Ukivipata hivyo, umepata karibu kila kitu. Siku ya kawaida ina mawingu yanayokuja na kuondoka, mvua ya jioni, upepo wa kubadilikabadilika, majani yaliyofunguka na kumeza ozoni. Kila kosa dogo linaonekana. Na swali la tabianchi linahusu miaka mingi, ambayo sehemu yake kubwa ni siku za kawaida. Kwa maoni yangu sentensi ile ya kukiri kuzidisha ndiyo sentensi muhimu kuliko zote katika kazi ile, na ndiyo ambayo watu huiruka wanapoinukuu.

Kuzima swichi moja moja

Kama modeli inakosea, kwa nini tuitumie? Kwa sababu inakuruhusu kufanya jambo ambalo huwezi kulifanya kwenye dunia halisi: kubadilisha kitu kimoja na kuacha vingine vyote.

Endesha miaka 20 ya sasa. Kisha endesha miaka 20 ya tabianchi ya baadaye, lakini magari, viwanda na majiko yabaki yaleyale ya leo. Tofauti ya ozoni kati ya mbio hizo mbili ni mchango wa tabianchi peke yake. Kwa Kiingereza wanauita kwa neno la adhabu, na adhabu ndiyo hiyo hasa. Geuza sasa: tabianchi ya leo, moshi wa kesho. Unapata mchango wa moshi. Unaweza hata kunyamazisha miti, ukaona isoprini ilikuwa inachangia kiasi gani. Kosa la kudumu la modeli, kama kuzidisha kidogo, hupungua nguvu unapotoa mbio moja kutoka nyingine. Halifutiki lote, ila angalau halikai mbele ya macho.

Miaka 20 si anasa. Ukilinganisha kiangazi kimoja na kingine utakuwa umelinganisha bahati. Bila Agosti 2003, miaka ile ingesoma tofauti kabisa.

Ripoti ya IPCC ya mwaka 2021 ilikusanya majibu ya kazi za aina hii, nyingi zikiwa za modeli za dunia. Katika maeneo yenye vyanzo vya moshi karibu, kila digrii moja ya joto huongeza ozoni ya juu ya ardhi kwa kati ya 0.2 na 2 sehemu kwa bilioni. Katika maeneo yaliyo mbali na moshi, kama katikati ya bahari, inapungua kwa kiasi kama hicho. Sababu ni mvuke wa maji: hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, na mahali pasipo na gesi za naitrojeni mvuke huo husaidia kuiteketeza ozoni. Ili upate picha, sehemu moja kwa bilioni ni karibu maikrogramu 2 kwa mita ya ujazo. Mbili kwa digrii moja zinaonekana chache mpaka ukumbuke kikomo cha Shirika la Afya ni kama 50 tu, na miji mingi tayari iko jirani nacho.

Angalia pia upana wa jibu: 0.2 hadi 2, mara kumi. Ndani ya upana huo kuna mabishano kuhusu isoprini, mawingu na stomata. Na ndiko modeli za kikanda zenye visanduku vidogo zinakofaa kuingilia.

Tukiileta nyumbani

Hadi hapa nimekaa Ulaya kwa sababu ndiko mtihani ulikokuwa na majibu. Ukiuleta mtihani huohuo Nairobi, Kampala au Dar, karatasi ya majibu ni nyembamba. Nairobi hurushwa puto la kupima ozoni kutoka ardhini hadi stratosfia, kama mara moja kwa wiki, na kazi hiyo imekuwepo tangu miaka ya 1990; ni sehemu ya mtandao wa SHADOZ wa maputo ya ukanda wa joto. Kuna pia kituo cha Mlima Kenya, mita 3,678 juu ya usawa wa bahari, kinachopima hewa iliyo mbali na jiji. Hivi ni vitu vya thamani sana. Lakini puto la mara moja kwa wiki halikuambii saa tisa alasiri ya jana kulikuwaje Kitengela, na mlima haukuambii kuhusu Gikomba.

Orodha ya moshi nayo ndiyo ile ya kukisia. Nani anajua ni bodaboda ngapi hasa zinazopita Ubungo saa kumi na mbili jioni, au jenereta ngapi zinaamka umeme ukikatika? Jiko la mkaa halina risiti. Uchomaji wa mashamba na nyika unaonekana kwa satelaiti, ila moto mdogo wa shamba la ekari moja mara nyingi unapita bila kuonekana. Na jua letu halingoji Agosti. Liko utosini mwaka mzima, hivyo kilichosomwa Ulaya kama msimu kwetu kinafuata mvua, mawingu na moto wa kiangazi.

Zipo mbio nyingi za kikanda kwa Afrika chini ya mpango wa CORDEX, zilizoanza na visanduku vya takriban kilomita 50. Zimesaidia sana kwenye mvua na ukame. Nyingi hazina kemia ndani. Na kwa pwani, kilomita 50 zina shida yake. Upepo wa bahari unaoingia Dar mchana unaanza ndani ya eneo dogo kuliko hapo. Upepo huo ndio unaosukuma hewa ya Kariakoo kuelekea Pugu, Kisarawe na Kibaha, saa zilezile ambazo mzunguko wa mkopo tuliouona juu uko kwenye kilele. Modeli isiyouona upepo wa bahari itaiacha ozoni jijini, ambako NO inaila, na ramani itasema mambo ni shwari. Kama kuna ozoni ya kuzungumzia, wa kwanza kuivuta atakuwa mtu wa Kisarawe mwenye shamba la maharage na pengine hana hata pikipiki.

Hapa ndipo naona modeli ya kikanda inatufaa hata kabla hatujaiamini: kutuonyesha pa kuweka vipimo. Tukiwa na pesa ya vituo vinne, kishawishi ni kuvifunga vyote kwenye barabara zenye foleni, kwa sababu ndipo moshi unapoonekana kwa macho. Kwa masizi ni sawa. Kwa ozoni tutakuwa tumeviweka mahali inapofichwa. Mbio chache za modeli yenye visanduku vidogo, hata zikiwa na orodha ya moshi ya kukisia, zinaweza kutuambia hewa ya asubuhi ya jiji inakuwa wapi saa tisa alasiri, na angalau kituo kimoja kiende huko.

Kuna na la kisiasa kidogo. Siku jiji letu mojawapo litakapoondoa magari mabovu kwa wingi, ozoni ya katikati ya jiji inaweza kupanda mwanzoni, kama ilivyopanda mwaka 2020 kule Ulaya. Atatokea mtu na grafu akisema mpango umeshindwa. Bila mbio za modeli zilizofanywa mapema na kuwekwa wazi, nani atamjibu? Na jibu lenyewe litategemea kama hewa ya jiji hilo inaongozwa na uhaba wa gesi za naitrojeni au uhaba wa mivuke. Hilo haliwezi kukisiwa kutoka Paris, maana mkaa, petroli na miti yetu si vya Paris.

Kama unasoma fizikia, kemia, hali ya hewa au kompyuta na unataka kujaribu, msimbo wa RegCM ni wa bure na uko wazi mtandaoni, na ICTP huendesha mafunzo yake mara kwa mara. Kompyuta ya maabara inatosha kwa eneo dogo na miezi michache, ukiwa na subira. Ushauri wangu ni usianze na Dar. Anza na Agosti 2003 ya Ulaya, weka visanduku vikubwa kidogo, na linganisha na vituo vyao kwanza saa tisa alasiri, kisha usiku wa manane. Usiku ndipo wengi tunapoumbuka, kwa sababu ozoni inapaswa kushuka na modeli inakataa kuishusha. Ukishajua yako inakosea wapi na kwa kiasi gani, ndipo uihamishie Kisarawe.